Kufufua Pikipiki Kuukuu: Kipuri Gani Kiundwe, Kipi Kinunuliwe

Mada iliyotolewa mbele ya mafundi wa pikipiki, wahudumu wa bodaboda na vijana wa vyuo vya ufundi, Ekerenyo, Kaunti Ndogo ya Nyamira Kaskazini

 

Kazi inayozungumziwa leo si ngeni kwa mafundi wa Ekerenyo. Mtu huleta pikipiki iliyolala bandani miaka mingi, kuku wametagia juu ya kiti chake, na kumwambia fundi: "Kijana wangu, hii ilikuwa ya marehemu baba. Iamshe." Fundi hukubali. Anaifungua, anaiosha kwa dizeli, kisha anagundua kuwa nusu ya spea zinazohitajika haziko katika duka lolote la karibu, na nyingine kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani. Hapo ndipo fundi huanza kuunda. Hukata, hukereza, huchomelea, huazima kutoka mashine nyingine, na mara nyingi pikipiki huamka.

Ujuzi huo una thamani kubwa. Umewalisha watoto, na umerudisha barabarani vyombo ambavyo vingeuzwa kama vyuma chakavu. Lakini mkono ule ule unaounda kipuri unaweza kumwangusha mtu kwenye mteremko akiwa na mama mjamzito nyuma yake. Kwa hiyo mada hii ina swali moja tu: ni kipuri gani fundi anaweza kukiunda kwa mkono wake, na ni kipi asikiguse hata mteja akimsihi?

Asili ya pikipiki hizi

Kabla ya bodaboda kujaa barabarani, pikipiki katika nchi ya Gusii ilikuwa chombo cha watu wachache: afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, padri, mwalimu. Nyamira ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kisii. Za zamani kabisa zilitoka Uingereza, kama vile BSA, Triumph na Norton. Baadaye zikaja za Japani: Yamaha AG 100 na jamii ya DT, ambazo injini yake ni ya mipigo miwili na huunguza oili pamoja na petroli, na Honda CG 125, ya mipigo minne, iliyotolewa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na haipati huduma mara kwa mara.

Neno bodaboda lenyewe lilianza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia. Pikipiki zilichukua nafasi hiyo kwa nguvu baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Tangu hapo maduka yamejaa spea za pikipiki kutoka India na China. Mwenye Boxer hupata kabureta asubuhi hiyo hiyo. Mwenye Yamaha ya mwaka 1978 huambiwa asubiri, au atafute huko mbele.

Wanaofufua pikipiki hizi ni wa aina tatu. Wapo wanaotaka ukumbusho wa mzazi. Wapo wachache wanaozitengeneza kwa maonyesho, kama yale ya Concours d'Elegance ya Nairobi ambako magari na pikipiki za kale hushindanishwa. Na wapo walio wengi, ambao wakishaiamsha wanairudisha kazini: kubeba ndizi, maziwa, majani chai, na watu. Hawa wa mwisho ndio wanaohitaji zaidi kusikia yanayofuata.

Swali moja kabla ya kushika msumeno

Kabla ya kuunda kipuri chochote, fundi ajiulize: kipuri hiki kikivunjika pikipiki ikiwa kwenye mteremko, mvua inanyesha, na abiria yuko nyuma, kitatokea nini?

Majibu ni mawili. La kwanza: pikipiki itazima, itavuja oili, itapiga kelele, au itakataa kuingia gia. Mwendeshaji atasimama kando ya barabara, atanung'unika, na ataisukuma hadi kwa fundi. La pili: gurudumu litafunga au litatoka, usukani hautatii, breki haitashika, au injini itaendelea kuvuta hata akseleta ikiachiliwa.

Kipuri cha jibu la kwanza ni kile kinachosimamisha. Hicho kiundwe. Kipuri cha jibu la pili ni kile kinachoangusha. Hicho kinunuliwe, na kama hakipatikani, pikipiki isubiri. Pikipiki iliyolala miaka 20 haidhuriki ikilala miezi miwili zaidi.

Kwanza tafuta kwa nambari

Mara nyingi kipuri kinachosemekana hakipo, kipo, ila kimewekwa kwenye rafu ya mashine nyingine. Fundi asiulize duka "beringi ya Yamaha ya zamani". Aulize kwa nambari.

Beringi huandikwa nambari ubavuni, na nambari hiyo ni ya dunia nzima. Beringi ya 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47 na unene milimita 14, iwe kwenye gurudumu, pampu ya maji au mota ya umeme. Kanuni ni rahisi: kuanzia 04 kwenda juu, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate tundu. Hivyo 04 ni milimita 20, na 05 ni 25. Chini ya hapo, 02 ni 15 na 03 ni 17. Duka la spea za pikipiki likikosa, huenda anayeuza spea za mashine za kusaga mahindi anayo. Angalizo moja: beringi ya krankshafti ikiwa na alama C3, inunuliwe yenye alama hiyo hiyo. C3 maana yake ni kwamba imeachiwa nafasi kidogo ndani ili isibane injini ikipata moto.

Sili za oili nazo huandikwa vipimo vitatu: tundu, kipenyo cha nje na unene. Mfano ni 20-35-7. Sili ya vipimo hivyo inaweza kutoka kwenye chombo kingine kabisa na ikakaa sawasawa. Lakini sili za krankshafti kwenye injini ya mipigo miwili zina kazi nyingine: huzuia hewa isiingie. Zikipitisha hewa, petroli hupungua ndani ya mchanganyiko, pistoni hupata moto kupita kiasi, na injini inaweza kunasa ghafla na kufunga gurudumu la nyuma. Sili hizo ziwe mpya, na ziwe za mpira unaostahimili petroli.

Cheni pia ina nambari. Tarakimu ya kwanza hueleza umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi: 428 ni 4/8 ya inchi, yaani milimita 12.7, na 520 ni 5/8. Cheni ya baiskeli ina umbali huo huo wa milimita 12.7, ndiyo maana wapo waliojaribu kuikopa. Umbali unafanana, ila ni nyembamba na haiwezi nguvu ya injini. Na cheni mpya ikifungwa, klipu ya kiungo cha kuunganishia iwekwe upande uliozibwa ukielekea mwendo wa cheni.

Plagi isichaguliwe kwa kuwa meno yake yameingia tu. Kwa plagi za NGK, herufi H, kama katika B8HS, huonyesha meno yenye urefu wa milimita 12.7, na E, kama katika B8ES, huonyesha milimita 19. Zote zina upana mmoja. Ile ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kugongwa na pistoni mara injini inapozunguka.

Wenye Honda CG 125 wana bahati kuliko wengine. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, ile ambayo valvu zake husukumwa na fito badala ya cheni ya juu. Kwa hiyo vipuri vingi vya pikipiki za kawaida za sokoni hukaa kwenye CG ya zamani. Hata hivyo kipimo kitangulie. Silinda ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na zile nakala za 150 zina 62. Pistoni ya moja haiingii kwa nyingine, hata kama sanduku lina jina lile lile.

Bolti ni eneo ambalo fundi hodari huharibu kazi bila kujua. Pikipiki za Japani hutumia bolti za milimita 10 zenye hatua ya meno ya 1.25. Bolti ya milimita 10 ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ina hatua ya 1.5. Huingia mzunguko mmoja au miwili, hukaza, na fundi asiye na subira huongeza mkono wa spana. Matokeo yake ni meno ya aluminiamu kung'oka. Kwenye pikipiki za Uingereza mtego ni mkubwa zaidi: meno ya mtindo wa Whitworth, uliobuniwa mwaka 1841, yana pembe ya nyuzi 55, ilhali ya milimita na ya Kimarekani yana nyuzi 60. Bolti ya robo inchi ya Whitworth na ya Kimarekani ya hatua pana zote zina meno 20 kwa inchi, kwa hiyo huingiana vizuri mkononi, ila hushikana sehemu ndogo tu. Hapo ndipo bolti hulegea baada ya mwezi.

Vinavyoweza kuundwa

Sasa vipuri vinavyosimamisha, ambavyo mkono wa fundi unaruhusiwa.

Gasketi za kava za injini huundwa kwa karatasi ya gasketi, na kwa dharura kwa katoni nyembamba isiyo na nta. Karatasi huwekwa juu ya kava, na kingo zake hugongwa polepole kwa nyundo ya kichwa cha mviringo hadi ukingo wa chuma uikate wenyewe. Matundu ya bolti yatobolewe kwanza, bolti mbili zipitishwe, ndipo karatasi isihame. Nyundo igonge kwa uzito wake tu, kwa kuwa aluminiamu hupata kovu upesi. Gasketi ya kichwa cha silinda ni jambo jingine: katoni huungua. Huko itumike ya shaba nyekundu, na ile ya zamani inaweza kutumika tena ikipashwa moto mpaka iwe nyekundu na kuachwa ilainike, mradi haijapasuka wala kupinda.

Mipira ya ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile inayopokea mshtuko wa cheni, huoza kwa miaka na haipatikani kirahisi. Anayejua kuiunda kuliko fundi yeyote ni mshona akala. Yeye hukata tairi la lori kila siku, na anajua siri ya kisu kilicholowa maji: maji hukifanya kiteleze ndani ya mpira na kukata kwa unyoofu. Mipira ikatwe kutoka sehemu nene ya kukanyagia, iingie kwa kubana kidogo, na yote iwe sawa kwa unene. Ikichakaa, cheni itaruka-ruka na mwendeshaji ataisikia mapema.

Bushi za shafti ya kiki na za pedeli ya gia hukerezwa kwa bronzi kwenye mashine ya kukereza, ambayo mafundi huiita lethi. Vipande vizuri vya bronzi hupatikana kwenye pampu kuukuu za maji. Kwa kuchora mstari juu ya chuma kitakachopata moto, chaki huungua ikatoweka, lakini kipande cha jiwe la sabuni la Tabaka huacha alama inayobaki. Nyenzo hiyo wenzao wa ng'ambo hununua dukani. Gusii ina kilima chake.

Kiti hushonwa upya na mafundi wa viti vya matatu. Madigadi hukunjwa kutoka bati la pipa. Kava za ubavuni huundwa kwa fiba. Lakini ekzosti ya injini ya mipigo miwili isikatwe ovyo ndani: umbo lake la tumbo na mkia ndilo linalorudisha mchanganyiko kwenye silinda, na bomba lililonyooshwa huiba nguvu badala ya kuongeza.

Kondensa ya zamani, ile inayofanya kazi na pointi za umeme, huzeeka hata pikipiki ikiwa imelala. Dalili yake ni pointi kutoa cheche nyingi na injini kukohoa. Ya gari kuukuu la petroli inaweza kufungwa nje ya injini kwa waya mfupi na ikafanya kazi. Pointi zenyewe zisafishwe, na nafasi yake ipimwe kwa kipimo cha majani. Kwa pikipiki nyingi za Japani huwa kati ya milimita 0.3 na 0.4. Ukucha si kipimo.

Na tangi likivuja njiani, kipande cha sabuni ya kufulia kikisuguliwa kwa nguvu juu ya tundu huzuia petroli, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Hiyo ni dawa ya kufika nyumbani, na iishie hapo.

Vinavyodanganya

Kuna vipuri vidogo vinavyoonekana kuwa vya kusimamisha, kumbe ni vya kuangusha.

Cha kwanza ni waya wa akseleta. Ni mwembamba, na waya wa breki ya baiskeli huonekana kufaa. Waya wa klachi ukikatika, mwendeshaji husimama. Waya wa akseleta ukinasa ndani ya ala yake, injini huendelea kuvuta kwenye kona. Kwa hiyo waya wowote utakaowekwa hapo upite bila kukwaruza, ncha yake ilehemiwe ndani ya kichwa cha shaba baada ya nyuzi zake kutawanywa, na akseleta iachiliwe mara kumi huku usukani umegeuzwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Kila mara irudi yenyewe. Isiporudi hata mara moja, haijafaa.

Cha pili ni ringi ya pistoni. Katika injini ya mipigo miwili, pini ndogo ndani ya mfereji wa pistoni huzuia ringi isizunguke, ili ncha zake zisinase kwenye matundu ya ukuta wa silinda. Ringi ya injini ya mipigo minne haina nafasi ya pini hiyo. Wapo wanaoing'oa pini ili ringi iingie. Injini huwaka, mteja hulipa, na siku moja ncha ya ringi huingia kwenye tundu na kuvunjika. Injini hufunga, na gurudumu la nyuma hufunga pamoja nayo.

Cha tatu ni taa. Pikipiki nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia umeme wa volti 6. Balbu ya volti 12 ikiwekwa humo huwaka kama mshumaa, na mwendeshaji haonekani katika ukungu wa asubuhi. Ama ipatikane balbu ya volti 6, ama mfumo wote ubadilishwe: koili za chaji, regyuleta, betri na balbu. Na fyuzi isibadilishwe kwa karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Fyuzi ikiungua, inasema kuna waya unaogusa fremu mahali fulani, utafutwe huo.

Visivyoundwa kamwe

Ekseli ya gurudumu. Ekseli ya kiwandani hutengenezwa kwa chuma cha aina maalumu kilichopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Nondo ya ujenzi ikikerezwa hung'aa vile vile, lakini ndani yake ni chuma kingine. Hupinda, kisha huchoka, kisha hukatika. Ni hivyo hivyo kwa bolti za breki, za usukani na za foku. Bolti yenye alama 8.8 kichwani ina nguvu inayojulikana. Isiyo na alama ichukuliwe kuwa laini, na ibaki kwenye madigadi.

Breki. Viatu vya breki vinaweza kuvalishwa bitana mpya na mwenye bitana halisi, gundi yake na tanuri yake. Visivalishwe mpira wa ndala, ngozi wala kipande cha mkanda wa mashine. Mpira hushika vizuri ukiwa baridi, na huyeyuka kwenye mteremko mrefu, yaani saa ile ile unapohitajika. Vumbi la bitana za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kifungwe na kutupwa.

Foku na shingo ya fremu. Foku iliyopasuka isichomelewe. Mahali pa kulehemu hubadilisha ugumu wa chuma, na ufa mpya huanza pembeni ya ule wa zamani, ambako rangi huuficha. Mkono wa breki nao usiyeyushwe kienyeji. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa lenye kipepeo hufikia, kwa hiyo kuimimina kwenye mchanga si kazi ngumu. Ugumu ni viputo vya hewa vinavyobaki ndani bila kuonekana. Kava ya cheni yenye kiputo ni sawa. Mkono wa breki wenye kiputo huvunjika siku unapovutwa kwa nguvu zote.

Spoku. Za baiskeli ni za milimita 2 hivi. Za pikipiki ni nene zaidi. Spoku chache za kuazima kwenye gurudumu huhamisha mzigo kwa jirani zake, nazo hukatika moja baada ya nyingine.

Mwisho, tangi la petroli na moto. Hili halimhusu mwendeshaji, linamhusu fundi mwenyewe. Tangi lililokaa tupu mwaka mzima bado lina mvuke wa petroli ndani ya kutu yake, na mvuke huo ndio unaolipuka. Tangi lisiguswe kwa moto wa kuchomelea katika gereji ya kawaida, hata kama limeoshwa kwa sabuni na maji moto, hata kama halinuki. Kutu itolewe kwa kokoto safi au kipande cha cheni kilichotikiswa ndani na maji, tangi likaushwe juani, na tundu dogo lizibwe kwa gundi ngumu ya epoksi inayostahimili petroli. Tundu kubwa maana yake ni tangi jingine.

Daftari, mteja na sheria

Kipuri cha kuunda hakipaswi kuwa siri ya fundi. Kila gereji iwe na daftari, na kila pikipiki iliyofufuliwa iwe na ukurasa wake: kipuri gani kimeundwa, kwa nyenzo gani, tarehe gani, na kikaguliwe lini. Mteja apewe nakala. Fundi atakayeifungua baada ya miaka mitatu atajua kwamba mipira ya kitovu ni ya tairi na kwamba kondensa ni ya gari. Na mteja akiiuza pikipiki hiyo, mnunuzi atajua anachopanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Daftari la shilingi chache huziba ufa mwingi.

Sheria ya Trafiki, Sura 403, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali nzuri. Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo yaandikishwe NTSA ili yalingane na kitabu cha umiliki. Nambari ya fremu isisagwe wala kuchapwa upya kwa sababu yoyote, hata kama kutu imeila. Fundi anayeisaga hujiweka mahali pa mwizi, ingawa hakuiba.

Fundi aliyejifunzia kazini asijione mdogo. Mitihani ya ufundi ya NITA hufanywa kwa madaraja, la tatu hadi la kwanza, na iko wazi kwa waliojifunza chini ya mti kama ilivyo kwa waliopitia darasani. Vyuo vya ufundi vya vijiji, chini ya Katiba ya 2010, viko mikononi mwa kaunti. Kijana anayejua kutengeneza gasketi kwa nyundo bado ana haja ya kusoma kipimo cha milimita, na mwalimu anayejua vipimo ana la kujifunza kwa mshona akala.

Kabla ya pikipiki kutoka gereji

Fundi aipande mwenyewe kwanza, bila abiria, mahali tambarare. Ajaribu breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Aachilie akseleta na kusikiliza kama injini inashuka. Atazame nati za ekseli. Aipande tena siku ya pili, kwa kuwa bolti nyingi hulegea baada ya injini kupata moto na kupoa. Ndipo amwite mwenyewe.

Na akiwa na shaka juu ya kipuri kimoja, jaribio lililo bora ni la nyumbani: je, angempandisha mtoto wake nyuma ya pikipiki hii hadi hospitali usiku wa mvua? Kama jibu linasitasita, kazi haijaisha, hata kama mteja amefika na pesa mkononi. Amwambie ukweli: "Mzee, injini iko tayari, ila ekseli bado. Ikipatikana nitakupigia." Mzee atakasirika siku mbili. Akishaipanda mwaka mzima na kurudi nyumbani kila jioni, atamtuma jirani yake kwa fundi huyo.

Watu husema ajali haina kinga. Zipo za namna hiyo. Lakini ajali ya ekseli iliyokerezwa kutoka nondo ilikuwa na kinga, na kinga hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi wiki ile alipoamua kuiunda.